Kupima kontroli boksi ya Toyota mezani kabla hujakimbilia kununua nyingine

Swali ni lile lile kila wiki, linabadilika gari tu. "Fundi, gari haiwaki, nimeambiwa kontroli boksi (ECU, kompyuta ya injini) imekufa, nyingine napata wapi?" Ukimuuliza nani kapima na kapimaje, anakwambia fundi kaweka ya gari ya jirani nayo ikagoma, basi ikaamuliwa imekufa. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwahiyo naandika hapa mara moja, we fuata hatua, usiruke.

Kabla ya yote ujue kontroli boksi haifi kirahisi kama watu wanavyodhani. Nyingi ninazoletewa zikiwa "maiti" zinawaka vizuri tu mezani, kinachoua gari ni waya wa ethi (wa kurudi negativu ya betri) uliooza, koili, au sensa moja iliyokula volti 5 za wenzake. Kuna jamaa aliniletea IST ikiwa inavutwa na kamba, kwenye kiroba ana maboksi matatu ya mtumba, kila moja alinunua kwa hela yake na kila moja "ilikufa" ikiingia kwenye gari. Nikayaweka yote mezani pamoja na la kwake la kwanza, manne yote yanafanya kazi. Kumbe waya wa VC (unaopeleka volti 5 kwenye sensa) unaoenda kwenye throto ulikuwa umesagika kwenye kona ya breketi hadi shaba inaonekana, unagusa bodi, volti 5 zinaishia hapo na boksi inazimika kabisa. Tepu ya shilingi chache.

Mfano wangu hapa ni Toyota zenye injini ya 1NZ-FE, yani IST, Probox, Vitz za cc 1500, Fielder na wenzake, kwasababu ndo zimejaa barabarani. Gari nyingine mpangilio wa pini unabadilika ila mantiki ni ile ile.

UNAVYOHITAJI

- Maltimita ya dijitali yenye kupima volti, omu na ile ya mlio. Usitumie testa ya balbu kwenye pini za boksi, narudia, usitumie.
- Pawa saplai ya volti 12 hadi 13.5 yenye kuzuia ampea, kama huna basi betri ya gari na fyuzi ya ampea 5.
- Balbu ya breki ya wati 21 na soketi yake, hii ndo mlinzi wako, utaona.
- Balbu ndogo za wati 5 angalau nne na moja ndogo ya dashibodi.
- Rezista za kiloomu 2.2, omu 330 na kiloomu 1, kapasita ya maikrofaradi 1, na potenshometa moja ya kiloomu 10.
- Plagi ya waya iliyokatwa kwenye gari iliyochinjwa, na mkia wake wa waya kama sentimita 20. Ukienda Ilala waambie wakukatie na plagi, usikubali boksi tupu. Kuchomeka sindano kwenye pini moja moja utapiga shoti tu siku moja.
- Mchoro wa waya wa gari HIYO. Sio ya kufanana nayo.
- Arduino ya aina yoyote kama unataka kufika hatua ya 6. Osiloskopu ukiwa nayo raha zaidi ila sio lazima.

TAHADHARI ZA MWANZO

Kwenye gari toa waya wa negativu wa betri kwanza, subiri zaidi ya sekunde 90, ndo uingize mkono nyuma ya kabati la dashibodi, kwasababu airbag ipo hapo hapo jirani na hutaki ikufumukie usoni. Usichomoe plagi ya boksi swichi ikiwa on. Na kama umetoka kuchomelea gari kwa welding na boksi ilikuwa imechomekwa, hapo nitakuelewa ukiniambia imekufa.

HATUA

1. Ifungue uiangalie na uinuse.

Fungua skrubu, toa kava. Tafuta kutu ya kijani (maji ya kioo cha mbele yanapenda kushukia huko), bodi iliyoungua rangi ya kahawia, na kapasita zilizovimba au zilizovuja miguuni. Kapasita iliyovuja inatoa harufu kama ya samaki aliyeanza kuchacha, ukiipata mara moja huisahau. Hii ipo sana kwenye maboksi ya miaka ya 1990. Ukiikuta usiwashe kwanza, safisha kwa spiriti, badilisha kapasita kwa yenye maikrofaradi zile zile, volti zile zile au zaidi, na iwe ya nyuzi 105, ndo uendelee. Ukiwa hapo soma namba kwenye stika, za Toyota zinaanza na 89661, iandike mahali, utaihitaji ikitokea kweli unatafuta nyingine.

2. Tambua pini kwa majina, sio kwa rangi.

Rangi za waya zinadanganya, kila toleo lina zake. Majina ya Toyota ndo hayabadiliki sana: BATT ni moto wa kudumu, +B ni moto unaokuja kupitia rilei kuu, IGSW ni moto wa swichi, MREL ndo boksi inaamrisha hiyo rilei. Ethi ni E1, E01, E02 na kuendelea, na E2 ni ethi ya sensa peke yake. VC ni volti 5 za kwenda kwenye sensa. Bandika kipande cha tepu kwenye kila waya wa mkia wako uandike jina, nusu saa unayotumia hapo itakuokolea siku mbili.

Kabla ya moto pima kwa mlio: E1 na E01 na E02 zote zisomane na kava la chuma au zenyewe kwa zenyewe. Halafu pima omu kati ya +B na E1. Ikilia mlio mfululizo, karibu sifuri, kuna shoti ndani, usiipe moto.

3. Ipe moto kupitia balbu ya wati 21.

Hapa ndo wanaoanza wanapoua boksi nzima. Waya wa pozitivu usiende moja kwa moja, upitishe kwenye balbu ya breki kwanza. Boksi ikiwa na shoti balbu itawaka mwanga wote na ampea zitaishia hapo hapo kwenye 1.75 hivi, hakuna kinachoungua. Ikiwa nzima balbu itakuwa giza au itawaka hafifu kidogo tu, maana boksi peke yake bila nozeli (zinazopulizia petroli) wala koili inakula chini ya ampea 1.

Unganisha ethi ZOTE kwanza, E1, E01, E02, zilizopo zote, kisha BATT, kisha +B, mwisho IGSW kupitia swichi ndogo. Mezani rilei kuu huihitaji, mpe +B moja kwa moja. Ukihakikisha balbu imetulia, iruke balbu kwa kipande cha waya ili boksi ipate volti zake kamili, maana ikipata volti 9 itakuletea vituko ukadhani mbovu.

4. Pima volti 5. Hii ndo hatua kubwa kuliko zote.

Swichi on, mita nyeusi kwenye E2, nyekundu kwenye VC. Inatakiwa isome kati ya 4.5 na 5.5, na nzuri nyingi zinakaa 4.9 hadi 5.1 bila kuyumba. Ipo? Basi moyo wa boksi upo hai, pawa ya ndani inafanya kazi, sasa hivi asilimia kubwa ya tuhuma zimeshaanguka. Haipo na hakuna sensa yoyote iliyochomekwa? Hapo tatizo lipo ndani ya boksi kweli. Lakini kama mezani ipo na kwenye gari haipo, usiguse boksi tena, rudi kwenye gari na uchomoe sensa moja moja zinazotumia VC (throto, ya presha ya manifoldi kama ipo, ya presha ya gesi ya eya kondishena kwenye baadhi ya gari) huku mita ipo VC. Siku ukichomoa moja ukaona 0.2 inaruka ghafla kuwa 5, umempata mwizi. Kama umechomoa zote bado 0.2, ni waya.

5. Taa ya cheki injini.

Chukua ile balbu ndogo ya dashibodi, mguu mmoja kwenye pozitivu, mwingine pini ya W. Swichi on taa iwake na ibaki inawaka kwasababu injini haizunguki. Ikiwaka ina maana prosesa inasoma programu yake, sio mfu huyo. Kwenye gari za karibuni W haipo, taa inaamrishwa kupitia CAN (waya mbili za mawasiliano kati ya maboksi) kwenye dashibodi, kwahiyo usiitafute.

Sasa kuna kitu mafundi wengi wa leo wamekisahau kwa ajili ya mashine za kompyuta. Toyota nyingi za soko la Japani, ukiunganisha pini ya TC na ethi (kwenye soketi ya dayagnosisi ni pini ya 13 na ya 4), taa inaanza kupepesa kodi (namba ya kosa) yenyewe. Ikipepesa haraka haraka mfululizo bila kupumzika, hakuna kodi. Ikipepesa mbili, ikatulia kidogo, ikapepesa mbili, ni 22, joto la maji. 24 joto la hewa, 31 eafloo (sensa ya kupima hewa inayoingia), 41 throto, 14 ni koili, 12 na 13 ni sensa za krenki na kemu (shafti kubwa ya injini na shafti ya valvu). Mezani utaona utitiri wa kodi kwasababu hujachomeka kitu, usishtuke, ndo tunachotaka, maana yake boksi inaona kwamba sensa hazipo. Boksi ambayo haina sensa hata moja halafu inasema haina kosa, hiyo ndo ya kuiogopa.

6. Idanganye boksi.

Joto la maji: rezista ya kiloomu 2.2 kati ya THW (pini ya joto la maji) na E2, itaamini maji yana nyuzi ishirini na kitu. Badilisha uweke omu 330, itaamini karibu 80. Bila kitu chochote itasoma nyuzi 40 chini ya sifuri, na ukiunganisha THW na E2 moja kwa moja itapanda zaidi ya 100. Ukiwa na mashine ya kusoma data utaiona inafuata unavyobadilisha, raha sana. THA (joto la hewa) fanya vile vile.

Throto: potenshometa, miguu ya pembeni VC na E2, wa katikati VTA (pini ya throto). Izungushe taratibu.

Krenki: diski ya 1NZ ina nafasi 36 lakini meno mawili yamekosekana, kwahiyo ni meno 34 na pengo. Kwenye Arduino andika mzunguko wa mara 34, juu milisekunde 1.39, chini 1.39, halafu baada ya mara 34 kaa chini milisekunde 5.56 zaidi. Hiyo ni mizunguko 600 kwa dakika. Sensa halisi inatoa umeme unaopanda na kushuka pande zote za sifuri, Arduino inatoa 0 na 5 tu, kwahiyo pitisha kwenye rezista ya kiloomu 1 na kapasita ya maikrofaradi 1 ndo uingie NE+, na ethi ya Arduino kwenye NE- (hizo ndo pini mbili za krenki). Mashine ya kompyuta ikionyesha rpm 600, umefaulu. Ikionyesha sifuri geuza NE+ na NE- kabla hujaanza kulaumu.

Ila rpm peke yake haitoshi kutoa moto wa koili na nozeli, boksi inataka na kemu (G2) ijue silinda gani ni ipi, na kemu hiyo ina meno 3 ambayo lazima yakae mahali pake sawa na krenki. Usibahatishe, irekodi kwa osiloskopu kwenye gari nzima halafu uinakili kwenye Arduino. Wenye injini za distributa zenye sensa zote ndani, kama 5A-FE za zamani, mmebarikiwa: funga distributa kwenye jiliwa, shika shafti kwa drili ya kuchajisha, zungusha taratibu, una krenki na kemu halisi zenye taimingi yake. Angalia tu drili inazunguka upande sahihi.

7. Pima kinachotoka.

Nozeli boksi inazipa ethi, haizipi moto. Kwahiyo balbu ya wati 5, mguu mmoja pozitivu, mwingine #10, na nyingine #20, #30, #40 (pini za nozeli ya kwanza hadi ya nne). Usitumie LED hapa. Mi mwenyewe LED zilinidanganya mwaka mzima, transista iliyochoka inaweza kuwasha LED vizuri kabisa maana LED inakula kidogo mno, ukiipa nozeli halisi inashindwa. Balbu ya wati 5 inavuta karibu nusu ampea, hapo ndo unaona mwanaume.

Na sasa mtego ambao umeua maboksi mengi mazima: koili za 1NZ zina waya nne, na mmoja ni IGF, ndo koili inairudishia boksi jibu kwamba nimepiga cheche. Boksi ikituma IGT (amri ya kupiga cheche) isipopata jibu la IGF inazima nozeli ili isijaze petroli kwenye egzosti. Mezani huna koili, kwahiyo balbu zitapepesa mara chache zitazima, na wewe utasema nimeona, nozeli hazitoki, imekufa. Haijafa, inajilinda. Chomeka koili halisi yenye plagi ya cheche iliyofungwa kwenye ethi vizuri, au usihukumu nozeli bila IGF. Pima pia IGF ikiwa haijachomekwa popote, swichi on, iwe kati ya 4.5 na 5.5.

8. Sensa zenyewe mezani.

Joto la maji: ichovye kwenye sufuria ya maji na kipimajoto, nyuzi 20 isome kama kiloomu 2.3 hadi 2.6, nyuzi 80 kama omu 310 hadi 330. Ishuke taratibu bila kuruka, inayoruka ndo ile gari inayosumbua asubuhi tu.

Krenki: baridi isome karibu omu 985 hadi 1600. Lakini omu nzuri haimaanishi sensa nzima, weka mita kwenye volti za AC, pitisha bisibisi haraka haraka mbele ya ncha yake uone kama inaruka.

Eafloo: +B volti 12, E2G ethi, mita kwenye VG. Bila upepo itulie karibu volti 1 au chini yake, pulizia kwa mdomo ipande, ukiacha ishuke. Ikipanda kivivu isafishe kwa dawa yake, sio kwa kabureta klina, na usiguse kale kawaya kwa pamba wala kwa brashi.

Nozeli: omu 13.4 hadi 14.2 ikiwa baridi. Ipe volti 12 kwa kugusa tu, tik, tik, usiache.

Koili: IGT ipewe mapigo ya volti 5 ya milisekunde 3 hivi kutoka Arduino, kamwe usiiachie volti 5 moja kwa moja, itachemka ikafa mkononi mwako. Plagi ya cheche iwe imefungwa ethi, na chupa ya petroli isiwe kwenye meza hiyo, naona watu wanafanya.

Oksijeni: hita yake karibu omu 11 hadi 16. Ile ya kawaida ukiipasha ncha kwa moto wa gesi inatoa hadi volti 0.8 moto ukiwa mzito wa gesi na inashuka ukiuondoa. Zile za eafyueli (zinazopima uwiano wa hewa na petroli), ambazo nazo zina waya nne, hazipimwi hivi, angalia mchoro kwanza.

IKIGOMA

Balbu ya wati 21 inawaka kali: toa BATT na +B, rudisha moja moja ujue ni ipi. Mara nyingi ni dayodi ya ulinzi iliyopiga shoti baada ya mtu kugeuza waya za betri. Fundi wa bodi anaibadilisha, boksi inafufuka.

Volti 5 ipo ila taa ya W haiwaki: angalia ethi E1, kisha angalia balbu yako yenyewe (usicheke). Ikibaki hivyo, programu au prosesa ndo ina shida.

Kompyuta haiongei na boksi: ELM327 (vifaa vidogo vya kusoma kodi) za bei rahisi zinagoma sana Toyota za Japani za mwanzoni mwa 2000, tumia Techstream (programu ya Toyota yenyewe) na kebo yake au mashine inayozijua gari hizo. Soketi inataka moto pini 16, ethi 4 na 5, na waya wa SIL pini 7. Kama ni ya CAN ni 6 na 14, na pima omu kati yake bila moto, ukikuta 120 ongeza rezista nyingine ya 120 pembeni iwe 60.

Mezani nzima kwenye gari mbovu: ethi. Futa boliti za ethi kwenye injini, piga msasa, kisha ukiwa umepiga staata pima volti kati ya E1 na negativu ya betri. Zaidi ya 0.2 hivi umeshapata kazi ya kufanya.

Kila kitu kizuri ila nozeli haifunguki hata ukiwa na koili: kama gari ina immobilaiza boksi inasubiri chipu ya funguo. Hapo mezani unahitaji na kile kiboksi chake na funguo yenyewe, na ndo maana boksi ya gari ya jirani ilikataa kwenye gari yako, sio kwamba nayo ilikufa.

Ukimaliza rudisha kava na gasketi yake kabla ya kuipeleka kwenye gari, plagi ziingie hadi zilie klik, ndo ufunge negativu ya betri mwisho kabisa.